Kinjeketile wa Mlimani

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani, Dar es Salaam, walipewa kazi ya likizo ambayo mpaka leo naiona kuwa miongoni mwa mazoezi bora yaliyowahi kutolewa katika chuo cha Afrika ya Mashariki. Hawakuambiwa wasome kitabu wakifupishe. Waliambiwa waende kwa wazee wa sehemu zilizopigana Vita vya Maji Maji, wakae nao, waulize, waandike walichosikia, kisha warudi na makala. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza mwaka 1905 sasa alikuwa babu wa miaka 78, na wenzake wengi walikwisha kuzikwa. Maandishi mengi yaliyokuwapo yalitegemea majalada ya Wajerumani, na humo mpiganaji wa Kimatumbi au wa Kingoni alionekana kama mtu aliyerogwa akakimbilia risasi. Sasa wajukuu wa wapiganaji walikuwa wakiuliza kwa lugha ambayo babu aliielewa.

Nyuma ya kazi ile walikuwapo John Iliffe, Mwingereza aliyefundisha historia Mlimani, na Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyekuwa akifanya utafiti wake mwenyewe huko Umatumbi. Wawili hao walitoa kijitabu cha ushahidi wa vita vile, maneno ya wazee yakiwekwa pamoja na maandishi ya Wajerumani. Humo zimo habari za Ngarambe, upande wa Rufiji, alikokaa mganga Kinjeketile Ngwale: alivyopandwa na pepo, akatambaa mpaka majini akazama, jamaa zake wakakesha ukingoni wakimngoja, naye akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza.

Mwaka 1969 Oxford University Press ikachapisha tamthilia iitwayo Kinjeketile. Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa na miaka 26. Alianza kuandika tamthilia akiwa mwanafunzi wa Mlimani; Wakati Ukuta na Alikiona ni za kipindi hicho. Yale maji ya Rufiji yakapanda jukwaani, na wale jamaa waliokesha ukingoni nao wakapanda. Lakini Hussein hakuishia kwenye ushahidi. Alimchukua mganga wa Ngarambe akamfanya kiongozi anayeona imani aliyoipanda ikiwapeleka watu asikotaka waende, naye hawezi tena kuirudisha. Katika utangulizi wake anatuonya tusidhani kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni yuleyule wa historia. Mwanahistoria alikusanya, mtunzi akavunja na kujenga upya, na wote wawili walipanda mlima mmoja kwenda kazini.

Nafundisha fasihi ya Kiswahili katika chuo kimojawapo cha bara, na kila mwaka nasoma Kinjeketile na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanafika wakiwa tayari wameikariri tangu sekondari: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Jambo linalowashtua ni moja tu. Nikiwaambia kwamba mwandishi alikuwa karibu na umri wao, na kwamba aliandika akiwa amezungukwa na watu waliokuwa wakichimba habari zilezile, wananyamaza, kisha mmoja anauliza: "Mwalimu, kwani sisi tunaruhusiwa?" Nimeamua kuandika historia hii kwa ajili ya swali hilo.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla Dar es Salaam haijawa na chuo kikuu, kijana wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyetaka shahada alitazama Makerere. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza pale ilianzisha jarida dogo la wanafunzi, Penpoint. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi siku moja alivyomsimamisha Jonathan Kariara, mmoja wa waliohusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi, angependa aisome. Hadithi yenyewe haikuwapo. Kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu anayeisubiri, ilimbidi akaiandike. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba fasihi ya nchi zetu inadaiwa sana na watu wa aina ya Kariara, wanaosimama kwenye njia ya bweni na kusema, haya, ilete niione.

Lakini Makerere iliandika kwa Kiingereza. Juni 1962, mwezi uleule waandishi wa Afrika walipokutana Makerere katika mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza, Shaaban Robert alifariki dunia. Masharti ya mkutano ule yasingempa kiti hata angekuwa mzima. Nalitaja hili bila kinyongo na watu wa Makerere, maana walifanya mengi mazuri. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ni kazi gani ilikuwa imebaki bila mwenyewe.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiojaza basi. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima ambacho sasa kila mtu anakiita Mlimani. Miaka ya mwanzo wanafunzi walijiona wateule, na walikuwa na kila sababu ya kujiona hivyo. Oktoba 1966 wakaandamana wakiwa wamevaa majoho yao, wakipinga Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara yaliyoambatana nalo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Februari mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na Machi ukafanyika mkutano chuoni wa kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya kijamaa.

Mkutano ule ulikuwa na maneno mengi makubwa ambayo sitayarudia. Nilichojifunza kwa kufuata kilichotokea baadaye ni kwamba swali lake liliingia katika kila idara kwa sura ya kawaida kabisa: kazi ya mwanafunzi inamfaa nani akishaimaliza? Wanahistoria walijibu kwa kwenda kwa wazee. Farouk Topan alijibu kwa kuanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, na mwaka 1970 ikazaliwa Idara ya Kiswahili, ambamo mhadhara, mjadala na mtihani vilikuwa kwa lugha hiyohiyo. Watu wa maigizo walijibu kwa kuandika tamthilia ambazo mpishi wa bwenini angeweza kukaa, akatazama, akapinga.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu maigizo ndiyo niyapendayo. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hawezi kujificha. Akiandika onyesho baya, wenzake watalisema kwa sauti siku ya kwanza ya mazoezi, na ubaya utasikika. Mhusika asiye na kazi ataonekana amesimama tu pembeni. Mwalimu naye hana pa kujificha, maana akielekeza vibaya, ukumbi utapiga miayo mbele yake. Mswada ukirudi mezani unakuwa tayari umepita katika vinywa vya watu kadhaa. Ndiyo maana nasema idara ile ndogo ya maigizo ilikuwa na faida ambayo idara kubwa hazikuwa nayo: mwanafunzi na mwalimu walihukumiwa pamoja, usiku mmoja, na watu walewale.

Penina Muhando alitoka katika malezi hayo. Aliingia mwanafunzi, akabaki mwalimu. Hatia ilitoka mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974 na Pambo mwaka 1975, karibu tamthilia moja kila mwaka, huku akifundisha. Msomaji akizipanga kwa tarehe atamwona mtunzi akijifunza mbele ya macho yetu. Hatia ni kisa cha msichana na mimba na aibu, kimeandikwa kwa uangalifu wa mtu anayepima kina. Akifika Nguzo Mama, mwaka 1982, ameshika msimulizi, ngoma, na kijiji kizima cha wanawake wanaojaribu kuisimamisha nguzo isiyosimama. Katikati ya kazi hizo mbili kuna miaka kumi ya kukaa na wanafunzi mazoezini. Hakuna likizo ya utafiti inayompa mtu shule ya namna hiyo.

Wenzake walikuwa wengi. Amandina Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, kwa kukiingiza kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal katika maisha ya Dar es Salaam, mpaka foleni za ofisini zikawa zetu. Ndyanao Balisidya alikuwa tayari ameandika riwaya ya Shida, ya 1975. Mwaka 1982 watatu hao, wanawake wote, walitoa tamthilia moja kwa majina matatu: Harakati za Ukombozi. Na kikundi cha Paukwa, kilichozaliwa miongoni mwa watu wa idara hiyo, kikatoa Ayubu mwaka 1984, jina la kikundi likikaa pale ambapo kwa kawaida huandikwa jina la mtu mmoja. Leo mhadhiri akileta kazi ya watu watatu kwenye kamati ya kupandishwa cheo, swali la kwanza ni asilimia ngapi ni yake.

Wakati huohuo, mlima uleule ulikuwa na mashine ya kurudufu iliyofanya kazi usiku. Novemba 1969 wanafunzi wa chama kilichojulikana kwa kifupi chake, USARF, walitoa jarida la Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule ambaye miaka mingi baadaye angekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Fedha ya Tanzania. Jarida lilipigwa chapa kwenye stensili, likarudufiwa, likabanwa kwa mkono, likauzwa na wahariri wenyewe. Walter Rodney, mwalimu kutoka Guyana, aliliandikia na kukaa na wanafunzi katika madarasa yao ya Jumapili ambayo hayakuwa na alama wala cheti.

Mwaka 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka yanayoendelea kimyakimya nchini. Shivji alikuwa na miaka 24, kijana wa sheria aliyezaliwa Kilosa. Hoja yake ilikuwa kali: kwamba kutaifisha mabenki na viwanda hakujamaliza swali la nani anakula jasho la nani. Kisha likatokea jambo ambalo nawaomba wahadhiri walisome polepole. Walimu wake wa chuo walimjibu kwa maandishi. Rodney aliandika, John Saul wa Kanada aliandika, Tamás Szentes, mchumi wa Hungaria, aliandika, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikazichapa insha na majibu katika kitabu kimoja. Maprofesa waliichukulia kazi ya kijana kuwa hoja inayostahili kubishiwa hadharani. Hawakumpa asilimia, walimpa ubishi. Heshima ya namna hiyo huzaa waandishi.

Serikali haikufurahi. Novemba 1970 Cheche na USARF vilipigwa marufuku. Sababu zilizotolewa ni kwamba chuo kina Umoja wa Vijana wa TANU, hakihitaji chama kingine, na kwamba jina la jarida limeazimwa ugenini. Wanafunzi walihamia ndani ya Umoja wa Vijana, na mwaka 1971 wakatoa jarida jipya. Hakuna ambaye angeweza kusema jina la safari hii ni la ugenini. Waliliita Maji Maji. Katika muda wa miaka mitatu vita vile vya kusini vilikuwa vimepita mikononi mwa wanafunzi wa historia, vikapita jukwaani, sasa vilikuwa juu ya jalada la jarida la siasa. Sidhani kama kuna kikao kilichopanga hivyo. Watu walikula katika bwalo moja, basi fikra zikasafiri.

Nikizungumza na vijana kuhusu miaka hiyo huwa naona wanataka niseme ilikuwa peponi. Haikuwa. Dola iliyojenga mabweni, iliyolipa ada za wote na kuikuza lugha, ndiyo iliyofunga Cheche. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alikamatwa chuoni na askari kwa sababu ya barua iliyoukosoa uongozi wa chuo, akarudishwa kwao. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga wakubwa kujiongezea maslahi, na mamia walifukuzwa. Anayeandika historia ya ubunifu wa Mlimani akaziruka tarehe hizo anawadanganya wasomaji. Na anayeandika tarehe hizo peke yake, akasahau kwamba serikali ileile iliwapa vijana wale chakula, vitabu na muda wa kufikiri, naye anadanganya.

Vita havikuwa vya kisiasa tu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alihitimu mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka Rosa Mistika, riwaya iliyozuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume ambayo watu wazima walitaka yabaki chumbani. Mwaka 1974 akaleta Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wa jadi, waliolelewa katika sheria alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954, waliona nyumba yao inabomolewa. Wengine walisema yale si mashairi kabisa. Mabishano yalikwenda magazetini na vitabuni kwa miaka. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliingia upande wa mabadiliko kwa Malenga wa Bara, 1976, kisha wakaandika Kunga za Ushairi, 1979, kueleza shairi ni nini hata likiwa halina mizani. Kezilahabi mwenyewe, mwaka 1976, aliandika tasnifu ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kijana aliyeshutumiwa kuivunja mila alikuwa anamsoma mkongwe kuliko wengi waliomshutumu. Wanafunzi wanaokuja kwangu na mashairi huru bila kusoma utenzi hata mmoja nawarudisha kwanza maktaba, na natumia mfano huo.

Ikafika miaka ya 1980, wakati wa foleni za sukari na uhaba wa karatasi. Mtu angetarajia ubunifu ufe. Badala yake watu wa maigizo wakapanda treni. Penina Mlama (ndiye Muhando yuleyule), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kuanzia mwaka 1982, kufanya kazi na vijana wa kijiji. Hawakwenda na tamthilia begani. Walikaa, wakasikiliza wanakijiji wakitaja wenyewe yanayowasumbua: vijana wasio na kazi, wanafunzi wanaotoroka shule, wasichana wanaopata mimba, pombe. Kisha vijana wakatunga, kwa ngoma na nyimbo na michezo ya kwao, wakaonyesha mbele ya wazazi, na baada ya onyesho kijiji kikakaa kujadili nini kifanyike. Mlama alikuwa akiandika pia tasnifu ya uzamivu juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru, watu wa kwao, na namna zilivyokuwa shule kabla ya shule. Mwaka 1991 akayaeleza mafunzo ya kazi hizo katika kitabu kinachosomwa mpaka nje ya Afrika. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza niliona wazi kwamba Malya ni mwendelezo wa ile kazi ya likizo ya 1968. Mara hii mzee hakuulizwa tu. Alirudishiwa jibu, akalitazama, akalihukumu.

Nimezipanga habari hizi kwa sababu vyuo vyetu sasa vina kozi za ubunifu, na vina warsha za ubunifu zenye vitambulisho vya kuvaa shingoni. Sizipingi. Lakini katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, ukumbi wa maigizo uligeuzwa stoo ya viti vibovu, na kozi ya tamthilia ikaendelea kufundishwa kwa kusoma tu, darasa la watu 200, kipaza sauti kikikatika. Wanafunzi walitoka na alama nzuri. Hakuna aliyetoka na onyesho. Mhadhiri kijana aliyeomba ufunguo wa ukumbi aliambiwa aandike barua, na barua ikazaa barua nyingine mpaka muhula ukaisha.

Tofauti ya Mlimani wa wakati ule haikuwa akili za watu. Wanafunzi wangu wana akili, nawasoma kila wiki, na wapo ninaowahusudu. Tofauti ni kwamba kazi ya mwanafunzi ilikuwa na mtu wa kuipokea nje ya mtahini. Tasnifu zinazolala sasa katika maktaba za vyuo vyetu zina msimamizi, mtahini wa ndani, mtahini wa nje, na baada yao hakuna mtu. Mwanafunzi anajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza, na anaandika kama mtu anayejua hivyo.

Wenzangu wahadhiri, nawaomba mambo machache yanayowezekana muhula huu. Watu waliokuwa vijana wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, sasa ni wazee, na wengi bado wana kumbukumbu kamili. Watumeni wanafunzi kwao kabla ya kuwapa mada nyingine ya kunakili mtandaoni. Mwanafunzi akileta insha yenye hoja, mjibuni kwa insha, muichapishe pamoja na yake. Anzisheni jarida la idara. Sasa hatuhitaji hata stensili. Na wakuu wa idara wenye kumbi, toeni viti vile nje, mkabidhi ufunguo kwa vijana, na ratiba ya muhula ianze kwa tarehe ya onyesho ndipo ifuate tarehe ya mtihani.